Nani Atampekua Spana?

King'ora cha kumaliza zamu kilikuwa kimeshalia, na geti lilikuwa bado limefungwa. Aliyewahi kufanya kazi kiwandani anajua maana yake. Kuna kitu kimepotea.

Safari hii zilikuwa boksi ndogo za vidonge vya maumivu makali, vile ambavyo hospitali huvifungia kwenye kabati la chuma na mitaani huuzwa kimoja kimoja kama pipi. Meneja wa uzalishaji alinipigia simu. "Bi Mkubwa, hatoki mtu. Upekuzi kamili." Akakata kabla sijajibu. Sisi humwita Haraka, na jina hilo hajawahi kuliangusha.

Mimi ndiye mkuu wa wapekuzi. Siku za kawaida tunaangalia mifuko tu: fungua, funga, pita, tuonane kesho. Upekuzi kamili ni habari nyingine. Viatu chini, mikono juu, na mpekuzi anakupapasa kuanzia kola hadi soksi. Mbele ya geti kuna njia mbili zilizotenganishwa na ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Kulia wanawake, kushoto wanaume. Mbao zile nilizipigania mimi. Nilipofika pale na stashahada yangu ya usimamizi wa ulinzi hapakuwa na njia mbili wala moja. Wanaume walipekua kila mtu, na mikono yao ilitafuta dawa mahali ambapo nguo haina mfuko. Jioni moja nilimkuta msichana wa laini ya kufungasha amekaa nyuma ya matanki ya maji, analia bila kutoa sauti, ameng'ang'ania kola yake kama mtu anayezuia upepo. Kesho yake nilikwenda kwa wakubwa, nikagonga meza, na nikatoka na kanuni zangu. Nilizichapa mwenyewe nikazibandika ukutani.

Mwanamke ampekue mwanamke, mwanamume ampekue mwanamume. Pakitokea ubishi, kadi ndiyo inayoamua. Hakuna mpekuzi kumpekua ndugu yake. Anayekataa kupekuliwa, hana kazi.

Maneno machache, hayana mafumbo. Nilijivunia kanuni zile na bado najivunia. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kunielewa vingine.

Basi foleni zikaanza kusogea. Upande wa wanawake alisimama Komandoo, mwanamke mwenye mabega ya kubeba magunia na moyo wa kubembeleza vifaranga. Upande wa wanaume alikuwepo Mrefu, ambaye huinama hata kwenye milango isiyomgusa, kwa mazoea tu.

"Mama wewe, hii ni nini kwenye soksi?" Komandoo aliuliza.

"Ni mguu," mwanamke wa kuosha chupa alijibu. "Umevimba. Simama wewe tangu asubuhi tuone."

Watu walicheka. Kicheko kilikuwa kifupi. Kila mmoja alitaka kwenda nyumbani, na kila mmoja alijua kwamba jina la mwizi likitajwa pale, hata kwa kosa, halifutiki. Nilikuwa nikitembea huku na huku nyuma ya wapekuzi wangu, kalamu sikioni, nikihesabu vichwa, wakati foleni ya wanaume ilipokwama.

Mrefu alikuwa amerudi nyuma hatua moja. Mkononi alishika kadi ya kazi ya mtu, na aliitazama kama mtu aliyeguswa na waya wa umeme.

"Fundi," alisema polepole. "Hii kadi ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa pameandikwa KE."

Aliyekuwa mbele yake alikuwa Spana, fundi mitambo, aliyeajiriwa miezi michache nyuma. Mashine ya kujaza vidonge ilikuwa imekohoa kwa mwaka mzima, wataalamu wakija na kuondoka, hadi Spana alipolala chini yake na tochi mdomoni na kuitibu. Tangu hapo watu wakampenda. Kichwa kimenyolewa, ovaroli la bluu, mikono yenye grisi isiyokubali sabuni. Tangu aajiriwe hatukuwa na upekuzi kamili hata mmoja. Kadi ilikuwa inaonyeshwa kwa mbali, getini, asubuhi, na nani husoma kadi ya mtu anayemfahamu?

"Najua kilichoandikwa," Spana alisema.

"Basi mimi sikugusi." Mrefu alimrudishia ile kadi kwa ncha za vidole. "Samahani, Fundi. Si dharau. Nina watoto. Kesho mtu akisema Mrefu alimpapasa mwanamke, nani atanitetea? Kanuni ile pale ukutani."

"Nenda kulia," mtu alisema nyuma.

Spana hakwenda kulia. Alisimama pale ambapo ule ukuta wa mbao unaanzia, mguu mmoja huku na mmoja kule, akatazama chini. Kutoka kwenye foleni mtu akapaza sauti: "Spana, chagua kituo, sisi tuna njaa!" Mwingine akaongeza: "Au tukukate katikati tugawane!" Wakacheka tena, na safari hii kicheko kile kilikuwa na meno.

Spana ni mwanangu. Pale kiwandani hakuna aliyejua.

Nilimzaa msichana. Hilo halina mjadala kwangu, nilikuwepo. Nilimpa jina la marehemu mama yangu, na kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilimwita "mama," kama watu wanavyowaita wajina wa mama zao. Mama njoo ule. Mama umefanya kazi za shule? Alipomaliza chuo cha ufundi alitukalisha mimi na baba yake sebuleni, akatuambia kwamba yeye ni mwanamume, kwamba amekuwa hivyo siku zote, na kwamba amechoka kujificha. Mume wangu ni fundi cherehani. Alivua miwani, akaipangusa, akasema, "Haya, nipe vipimo vyako," na suala zima kwake likaishia hapo. Mimi niliuliza maswali. Niliuliza mengi mno, na kwa sauti. Tangu siku ile nikaacha kumwita "mama," na jina jingine sikulipata, kwa hiyo nikawa namwita "wewe." Wewe, chakula tayari. Wewe, zima taa.

Kadi ya kazi hunakili kitambulisho, na kitambulisho hunakili cheti cha kuzaliwa; alijaribu kuvibadilisha. Ofisi ya vitambulisho wakamwambia alete amri ya mahakama, mahakama wakamwambia alete barua ya daktari, daktari akamwambia yeye hutibu magonjwa, haandiki vitambulisho. Alizungushwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nami moyoni, niseme kweli, sikusikitika. Nilifikiri kadi itashikilia pale ambapo mimi nimeshindwa.

Kazi aliomba mwenyewe na aliipata kwa mikono yake. Asubuhi ile ya kwanza nilipomwona anapita getini karibu nidondoshe kalamu. Jioni nyumbani nikamwambia: kazini hatujuani. Akasema "sawa," kwa sauti ya mtu aliyezoea. Kiwanda kinataka kila mwenye ndugu ndani aseme ofisini. Mimi sikusema. Ningesema nini? Nikisema binti, watatafuta binti wasimwone. Nikisema mwana wa kiume, watafungua jalada waone KE. Nikanyamaza, na kila jioni yeye alipita barabara ya nyuma, mimi ya mbele, tukakutana mlangoni kwetu kama wapangaji.

Sasa alikuwa amesimama katikati ya njia zangu mbili, na kanuni zangu zilikuwa ukutani juu ya kichwa chake.

"Komandoo," niliita. Sauti yangu ilitoka sawa, namshukuru Mungu. "Kadi inasema KE. Ni wako."

Komandoo alimpitisha mwanamke aliyekuwa naye, akajifuta mikono kwenye sketi, akaja. Alimtazama Spana kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Huyu?" alisema. "Huyu amenibebea mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tatu. Binti yangu anamwita kaka. Leo nimwingize upande wetu, mbele ya wasichana waliovua viatu na kulegeza nguo?"

"Kadi inasema—"

"Naijua kadi inasema nini. Bi Mkubwa, mbao hizi tulizililia, mimi na wewe. Unakumbuka ziliwekwa kwa ajili ya nani."

Nilikumbuka. Msichana wa nyuma ya matanki alikuwa binti yake.

"Kama ni mwanamke, aseme ni mwanamke, nimpekue, yaishe," Komandoo aliendelea. "Kama ni mwanamume, aende kwa wanaume. Lakini mtu asije akasema jioni hiki na asubuhi kile. Leo ni Spana, mtoto mzuri. Kesho atakuja mhuni mmoja naye aseme moyoni ni mwanamke, tufungue njia. Hapo utamzuia kwa kanuni ipi?"

"Mimi sijasema asubuhi hiki na jioni kile," Spana alisema. Hapo ndipo alipoinua uso. "Nimesema kitu kimoja tu tangu niajiriwe. Kadi ndiyo inayosema kingine. Cheti ilichonakili kiliandikwa sina hata jino moja, hakikuniuliza."

"Hakuna aliyeulizwa, mdogo wangu. Hata mimi sikuulizwa."

"Lakini wewe walipatia."

Komandoo alijifuta tena mikono kwenye sketi.

Wakati huo Haraka akatokea kutoka upande wa ofisi, simu sikioni, tai begani. Malori ya hospitali yalikuwa yanasubiri nje na injini zinanguruma. Alisikiliza nusu ya maelezo ya Mrefu na robo ya maelezo ya Komandoo.

"Sitaki mhadhara," alisema. "Mambo ya nani ni nani yana bunge lake. Mimi nina dawa zilizopotea. Huyu anapekuliwa, au anakataa? Kama anakataa, tunajua kanuni, na tunajua pa kuanza kutafuta."

Watu wakaguna. Nikaona macho yanavyohama, kutoka kwenye udaku kwenda kwenye tuhuma. Hivyo tu. Mtu anaweza kuwa kaka wa watu saa moja, saa ya pili akawa mwizi, kwa sababu amekosa pa kusimama.

"Sikatai," Spana alisema. "Naomba tu mtu wa kunipekua."

"Mwanamume kagoma, mwanamke kagoma," alisema Haraka. "Bi Mkubwa, wewe ni mwanamke, wewe ndiye mkuu, kadi inasema KE. Mpekue mwenyewe, tumalize. Dakika mbili."

Niliitoa kalamu sikioni, nikaiweka mfukoni.

Ingekuwa rahisi. Hakuna aliyejua. Ningemwingiza kulia, ningempapasa, ningesema safi, na geti lingefunguka. Kazi yake ingebaki, cheo changu kingebaki, siri ingebaki. Kanuni moja tu ingevunjika, na ambao wangejua kuwa imevunjika ni mimi na yeye tu.

Nilipiga hatua. Spana alinitazama, na nikaona ameshaelewa yote, maana mtoto wangu hajawahi kuwa mzito wa akili. Aliingia njia ya kulia mwenyewe. Wasichana wawili waliokuwa wakivaa viatu walisogea ukutani. Akageuka, akanyoosha mikono, akafumba macho.

"Fanya haraka," alisema kwa sauti ya chini, ya kufikia sikio langu tu. "Nitavumilia."

Nilimwekea mikono mabegani. Chini ya ovaroli niliuhisi ule mkanda. Ni fulana ya kubana kifua, kitambaa kizito chenye lastiki, na aliyeishona ni baba yake. Mimi na mume wangu tulinuniana wiki nzima kwa sababu ya fulana ile. Niliifahamu kwenye kamba ya kuanikia, nilikuwa nikiitundika ndani ya shuka majirani wasiione. Na nilifahamu jambo jingine. Ndani ya nguo ya kubana kifua ndipo wezi wa vidonge hupenda kuficha. Wapekuzi wangu wote nimewafundisha mwenyewe: ukikuta mkanda, usipapase juu yake, fungua. Nikitaka kusema "safi" kwa haki, ilibidi nimfungue. Nikitaka kusema "safi" bila kumfungua, ningekuwa nimemficha mwanangu nyuma ya cheo changu, na siku wakijua tu uhusiano wetu, wangesema dawa zilipita chini ya mikono ya mama yake. Asingeweza kujisafisha tena maisha yake yote.

Alikuwa bado amefumba macho, mikono hewani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilishusha mikono.

"Siwezi," nilisema.

"Huwezi nini?" Haraka aliuliza.

"Kanuni ya tatu. Hakuna mpekuzi kumpekua ndugu yake." Niligeuka nikawatazama wote, foleni zote mbili, upande huu wa mbao na upande ule. "Huyu ni mwanangu."

Maneno yakaja kwa pamoja kama bati lililoangushwa.

"Kumbe mtoto wa Bi Mkubwa!"

"Ndiyo maana dawa zinapotea."

"Nilisema mimi. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema lini wewe, ulikuwa umelala."

Komandoo hakupiga kelele. Alikuja karibu, na macho yake yalikuwa yameumia. "Tumekaa benchi moja miaka yote hii. Tunakula kwenye bakuli moja. Uliniambia una binti mmoja, yuko chuo."

"Alikuwa chuo."

"Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu niliyemzaa. Sina mwingine. Mengine muulize mwenyewe, ana mdomo." Maneno yalitoka makali kuliko nilivyotaka. Ndivyo nilivyo. Nikamgeukia Spana, ambaye alikuwa ameshusha mikono na kunitazama kana kwamba nimeanguka kutoka juu ya paa. Nikamuuliza kitu ambacho, katika maswali yangu yote ya sebuleni, sikuwahi kuuliza. "Wewe unataka akupekue nani?"

Alifikiri. Watu wote wale, malori yananguruma, na yeye alifikiri.

"Sitaki mwanamume anishike," alisema. "Na sitaki kusimama kwenye foleni ya wanawake, nao hawataki nisimame pale, na wana haki. Nataka chumba chenye mlango. Na mtu mmoja ambaye nikimtazama kesho asitazame pembeni."

"Hoteli!" mtu alidakia kutoka nyuma. "Na shuka jeupe!"

"Funga bakuli wewe," Komandoo alisema bila kugeuka, na bakuli likafungwa.

Haraka alikuwa anatazama saa. "Bi Mkubwa, wewe na mimi tutaongea. Umevunja taratibu za ofisi. Lakini sasa hivi nataka jibu. Nani anampekua?"

Mrefu alitazama viatu vyake, ambavyo kwake ni mbali. Wapekuzi wengine walitazama mbao. Mimi sikuwa na la kuamuru tena. Ningeweza kumlazimisha mtu, lakini kulazimisha mikono ya mtu juu ya mwili wa mtu ndilo jambo nililokuja kulizuia kiwandani pale. Sikuita jina la mtu, na hilo nimelibeba mpaka leo.

"Chumba cha huduma ya kwanza kina mlango," Komandoo alisema.

Mrefu aliinua uso.

"Nimesema kina mlango. Mrefu, utasimama nje, mlango uwe wazi kidogo, uone mgongo wangu tu. Ili asije mtu akasema tumeelewana ndani." Alimsogelea Spana hadi vidole vya viatu vyao vikakaribiana. "Nisikilize vizuri, mdogo wangu. Mimi sikubaliani na wewe. Kwangu mtu ni alivyozaliwa, na nitalisema hilo leo na kesho. Nikikupekua, napekua kadi. Lakini siwezi kumwacha mtoto wa mtu asimame katikati kama ng'ombe wa mnada, watu wanamtajia bei."

"Nimekusikia," Spana alisema. "Na mimi nikifungua, sifungui kwa sababu ya kadi. Nafungua kwa sababu ni wewe."

"Ongea utakavyo. Twende."

Walikwenda. Mrefu aliwafuata, akainama mlangoni. Mimi nilibaki na foleni, nikachukua nafasi ya Komandoo upande wa wanawake, kwa sababu kazi ni kazi. Nilipekua wanawake wanne au watano na sikumbuki sura ya hata mmoja. Mmoja wao, mama mtu mzima wa jikoni, aliniambia polepole nilipokuwa namshika mgongo: "Wa kwangu yeye alikimbia nyumbani. Sijui alipo." Akavaa viatu vyake akapita, wala hakusubiri nijibu.

Kisha mlango wa maabara ukafunguliwa na mkaguzi wa ubora akatoka, mwanamume mpole mwenye koti jeupe, anapangusa miwani. Alishangaa kukuta umati.

"Mbona hamwendi nyumbani?"

"Tunatafuta boksi za vidonge," Mrefu alimwambia kutoka kule mlangoni.

"Zipi? Zile za kundi la asubuhi?" Alivaa miwani yake. "Ziko kwangu. Nilichukua sampuli, unyevu ulikuwa umezidi kidogo. Nilikuwa nimwambie mtu wa stoo asaini, akawa amekwenda kunywa chai, nikasema nitarudi." Alitutazama mmoja mmoja. "Sikurudi?"

Sijawahi kumpiga mtu. Siku ile niliielewa mikono ya wanaopiga.

Nilikimbilia chumba cha huduma ya kwanza. "Simamisha!" nilipaza sauti. "Zimeonekana!" Mlango ulifunguka wote kabla sijaufikia. Komandoo alitoka kwanza, uso wake umekuwa mgumu kama ubao wa kukatia nyama. Nyuma yake Spana alikuwa akipandisha zipu ya ovaroli, polepole, hadi shingoni, mahali ambapo huwa haipandishi.

"Safi," Komandoo alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Hana kitu."

"Zimeonekana," nilirudia. "Zilikuwa maabara."

Alinitazama. Akamtazama mkaguzi wa ubora, ambaye sasa alikuwa anatafuta pa kuweka macho yake. "Yaani nimemvua bure."

Haraka alikuwa ameshafika kwenye malori, anapunga mkono, geti linafunguka. Watu walitoka kwa kusukumana. Baadhi walimpiga Spana begani wakipita: "Kesho, Fundi." Wengine walipita mbali naye, kana kwamba ovaroli lake lilikuwa limepakwa rangi mbichi. Aliyesema habari ya kumkata katikati alisimama, akajikuna, akasema, "Ilikuwa utani, unajua." Spana akasema anajua. Hakusema amesamehe.

Haraka alirudi baada ya lori la mwisho. Alikuwa na mfano wa aibu usoni, lakini kwa mtu wa haraka aibu nayo haikai. "Kesho asubuhi ofisini kwangu," aliniambia. "Njoo na funguo za geti. Zote."

Niliielewa maana ya funguo zote. "Nitakuja nazo," nilisema. "Na yeye?"

"Yeye amepekuliwa na yuko safi. Mashine inamhitaji. Yeye abaki."

Basi. Hilo ndilo nililotaka kulisikia, mengine ningeyabeba.

Wapekuzi wenyewe hupapaswa kila siku kabla ya kutoka, na mkuu wao hupekuliwa mwisho. Kila jioni hunipekua Komandoo. Nilivua viatu nikanyoosha mikono. Alinipapasa kama kila siku, kola, makwapa, kiuno, na alipofika kwenye soksi alibaki ameinama chini muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

"Ana alama," alisema. "Huo mkanda unamkata ubavuni. Mwambie aliyeushona aulegeze."

"Nitamwambia."

"Na usidhani nimebadili mawazo. Mbao zisiondoke."

"Mbao haziondoki."

"Lakini ile kanuni yako ya kadi." Alisimama, akashika kiuno. "Ina tundu mahali. Sijui ni wapi. Najua tu nimepita ndani yake sasa hivi, na sikupenda."

"Kesho mwenye kanuni atakuwa mtu mwingine. Labda wewe."

"Mungu aniepushie," alisema, akanisukumia viatu kwa mguu. Hakuniaga. Kwenye benchi aliliacha bakuli letu, chafu, aliondoka bila kulichukua kwenda kuliosha kama ilivyo zamu yake. Niliuona ujumbe. Nililichukua mimi.

Nje ya geti barabara ilikuwa imebaki na vumbi la malori. Spana alikuwa amesimama ng'ambo, chini ya kibao cha kiwanda, mahali ambapo kila mtu angemwona. Hakupita barabara ya nyuma. Tulianza kutembea bila kusalimiana, kama watu ambao wameshasalimiana.

Tulipofika kwenye duka la vipuri aliniuliza, "Watakufukuza?"

"Watanishusha cheo. Wakinifukuza, nina stashahada na nina miguu."

"Ungenipekua tu, yangeisha."

"Yangeisha leo."

Tukatembea tena. Wasichana wa kufungasha walitupita wakigeuka kutazama, na mimi nikawatazama hadi wakageuka mbele.

"Ulisema 'mwanangu,'" alisema.

"Ulitaka niseme nani? Jirani?"

"Hapana. Nauliza tu. Nyumbani utaniita nani?"

Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Watu wengine wanayo maneno hayo, yanawatoka kama maji ya bomba. Mimi nilimtazama, zipu imefika shingoni, grisi kwenye sikio, na mdomo ule wa marehemu mama yangu, na nikaona kwamba sijui, na kwamba kumdanganya leo ingekuwa kumvua mara ya pili.

"Bado nafikiri," nilimwambia. "Usinikimbize. Shika hili bakuli. Na shusha hiyo zipu, utazirai na joto."

Alilishika bakuli. Zipu aliiacha kama ilivyokuwa hadi tukaingia ndani kwetu, baba yake akainua macho kutoka kwenye cherehani, akatuona tumeingia mlango mmoja kwa wakati mmoja, na mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Chukua vipimo upya," nilimwambia. "Ile uliyoishona inambana."